Nchi Zilizochagua Mlango: Japani, Mrima na Uhehe mbele ya Biashara ya Wazungu

Nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts, Marekani, zilifika nyanda za juu za Iringa kabla Mzungu yeyote hajakanyaga huko. Zilishushwa melini Unguja, zikavushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo, zikafungwa mitumba, zikabebwa na wapagazi kupita Usagara, na mwisho zikaingia Uhehe kwa kubadilishwa na pembe za ndovu, mifugo au watu. Watu wa pwani waliziita merikani, na jina hilo likasafiri nazo hadi bara. Pamoja nazo zilikuja shanga, waya wa shaba, baruti na magobori. Mfanyabiashara wa Salem, bandari ya huko Massachusetts, hakumjua mvaaji wa Uhehe, wala mvaaji huyo hakuwa na haja ya kumjua mfanyabiashara wa Salem. Kati yao ulikuwapo mlango wa Unguja, na nyuma ya mlango huo ilikuwapo milango mingine ambayo kila mtawala aliilinda kwa kadiri ya nguvu zake.

Utaratibu wa kupokea bidhaa za wageni huku wageni wenyewe wakiwekewa mpaka haukuanzia Afrika Mashariki. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Japani, ambayo kwa zaidi ya miaka 200 iliwaruhusu Wazungu wa taifa moja tu, Waholanzi, kufanya biashara katika bandari moja tu. Historia ya Japani husimuliwa mara nyingi kuwa ni ya nchi iliyojifungia ndani, na historia ya Uhehe kuwa ni ya mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, aliyekataa kila mgeni. Simulizi zote mbili zinaacha nje jambo lenye uzito: nchi zote mbili ziliendelea kununua na kuuza. Walichokikataa watawala wake ni mgeni kuishika njia.

Mgeni wa kwanza wa Kizungu katika pwani zote mbili alikuwa Mreno. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Japani ilifikiwa mwaka 1543, pale Wareno walipotua katika kisiwa cha Tanegashima wakiwa na bunduki, silaha ambayo mafundi wa Kijapani walijifunza kuiunda wenyewe katika muda mfupi. Pwani hizo mbili, zilizotengwa na bahari pana, zilihesabiwa kuwa chini ya makao makuu mamoja ya Wareno, yaani Goa. Hata padri aliyekuwa wa kwanza kuhubiri Ukristo Japani, Francis Xavier, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, kabla ya kufika Kagoshima mwaka 1549.

Miaka ya 1630 ndiyo iliyozitenganisha pwani hizo. Mombasa ilikuwa na mfalme kijana, Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye mwenyewe akalelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo. Mwezi Agosti 1631 aliiteka Ngome ya Yesu, akamuua kapteni wa Kireno na kuufuta utawala wao mjini. Hakuweza kuushikilia ushindi huo. Mwaka uliofuata aliondoka kwa njia ya bahari, Wareno wakarudi, na ngome ile haikuwatoka hadi Waomani walipoiteka mwezi Desemba 1698. Mombasa ilikuwa mji mmoja, na nyuma yake hapakuwa na dola iliyoweza kutuma jeshi kutoka bara. Malindi, jirani yake, ilikuwa imekaa upande wa Wareno kwa zaidi ya karne nzima.

Japani ilikuwa na hali nyingine. Baada ya vita vya Sekigahara mwaka 1600, ukoo wa Tokugawa uliwaweka mabwana wote wa nchi chini ya mamlaka yake, na mwaka 1603 Tokugawa Ieyasu akapewa cheo cha shogun, yaani mtawala wa kijeshi. Mwanzoni serikali hiyo haikuwa na haraka ya kumfukuza mtu. Waholanzi walifungua ghala Hirado mwaka 1609, Waingereza mwaka 1613, na Wareno waliendelea kuleta hariri ya China kutoka Macau. Hofu iliingia kupitia dini. Wakristo wa Kijapani walikuwa wengi hasa kusini, na serikali iliona kwamba raia wanaomtii padri wa kigeni wanaweza siku moja kumtii mfalme wa kigeni. Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614. Waingereza waliondoka wenyewe mwaka 1623 kwa sababu ya hasara, na Wahispania walifukuzwa mwaka 1624.

Kati ya mwaka 1633 na 1639 shogun Iemitsu alitoa amri moja baada ya nyingine. Amri ya mwaka 1635 iliwakataza Wajapani kusafiri ng'ambo na kuwazuia waliokuwa nje wasirudi. Mwaka 1637 wakulima wa Shimabara, wengi wao Wakristo, waliasi kwa sababu ya kodi na mateso, na uasi wao ukazimwa kwa damu nyingi mwaka 1638. Mwaka uliofuata Wareno walifukuzwa kabisa. Wafanyabiashara wa Macau walituma ujumbe mwaka 1640 kuomba msamaha. Wajumbe na mabaharia 61 walikatwa vichwa, na wachache wakarudishwa ili wakasimulie.

Waholanzi walibaki kwa sababu walikubali kufanya biashara bila kuhubiri. Hata hivyo hawakuachwa Hirado. Mwaka 1641 walihamishiwa Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa na watu katika bandari ya Nagasaki, chenye urefu wa mita 120 hivi na upana wa mita 75 hivi, kilichounganishwa na mji kwa daraja moja lenye walinzi. Kisiwa hicho kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya kuwazuia Wareno. Waholanzi walirithi kifungo cha wenzao. Meli ilipotia nanga, silaha na baruti vilikabidhiwa kwa maofisa na vitabu vya dini vikafungiwa. Makarani na wakalimani wa Kijapani, ambao kazi yao ilirithiwa katika koo maalumu, waliorodhesha kila kitu. Kutoka Dejima zilitoka fedha, shaba, kafuri na vyombo vya kauri. Ziliingia hariri, sukari, ngozi, dawa na vitu vya udadisi. Serikali ilipoona madini yanaisha ilipunguza mauzo: mwaka 1668 Waholanzi walikatazwa kusafirisha fedha, na mwaka 1715 idadi ya meli zao iliwekwa kuwa mbili kwa mwaka.

Waholanzi hawakuwa peke yao. Wachina walifanya biashara kubwa zaidi yao huko huko Nagasaki, na baadaye wakawekewa mtaa wenye ukuta. Bwana wa Tsushima alishika biashara na Korea, bwana wa Satsuma alishika njia ya visiwa vya Ryukyu, na bwana wa Matsumae alishughulika na Waainu wa kaskazini. Kila mlango ulikuwa na mwenye dhamana yake, na kila mwenye dhamana aliwajibika kwa shogun. Hapa ndipo nguvu ya mpango wa Japani ilipokuwa. Hata habari zilikuwa bidhaa yenye kuorodheshwa: kila mwaka Waholanzi walitakiwa kuandika taarifa ya mambo yanayotokea duniani, na mkuu wao alisafiri hadi Edo, makao ya shogun, kumsujudia. Mwaka 1720 shogun Yoshimune alilegeza marufuku ya vitabu vya kigeni visivyohusu Ukristo, na mwaka 1774 madaktari wa Edo walichapisha kitabu cha maumbile ya mwili wa binadamu walichokitafsiri kwa tabu kutoka Kiholanzi. Kisiwa kidogo kilichowekwa kwa ajili ya kumdhibiti mgeni kiligeuka kuwa darasa la wenyeji.

Waholanzi hao hao walipita pia Unguja. Kati ya mwaka 1776 na 1778 Kampuni yao ya India ya Mashariki ilituma meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema kuja kununua watumwa. Hawakuweka ghala wala kurudi kwa ukawaida, na pwani ya Waswahili ikabaki mikononi mwa Waomani, Wahindi na wenyeji hadi Wamarekani walipokuja na nguo zao.

Katika karne ya 19 mlango wa Afrika Mashariki uliwekwa na Seyyid Said bin Sultan wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja. Mkataba wake wa biashara na Marekani aliutia saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833 pamoja na mjumbe wa nchi hiyo, Edmund Roberts. Mtu huyu ni kiungo cha ajabu kati ya historia hizi mbili. Serikali yake ilikuwa imempa dhamana ya kutafuta mikataba Asia, akafaulu Siam na Maskati, na Japani nayo ilikuwamo katika orodha yake. Hakuifikia: alifariki Macau mwezi Juni 1836, katika safari yake ya pili. Kama angeishi, mkono ule ule uliofungua Unguja ungebisha hodi Nagasaki miaka 17 kabla ya Matthew Perry, Mmarekani mwenzake, kufika Japani mwaka 1853.

Mkataba wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na ukawapa Wamarekani ruhusa ya kuingia bandari zote za Seyyid. Kifungu kimoja kinastahili kutazamwa kwa makini: Unguja, bunduki, baruti na risasi ziliweza kuuzwa kwa serikali tu. Seyyid alijua ni bidhaa gani inayoweza kumgeukia. Baadaye aliona pia kwamba ruhusa ya bandari zote ilikuwa kubwa mno. Utajiri wa nchi yake ulitoka Mrima, pwani inayoikabili Unguja, ambako misafara ya bara ilifika na pembe za ndovu na ambako sandarusi ilichimbwa. Mzungu akiruhusiwa kununua Pangani, Saadani au Bagamoyo, forodha ya Unguja ingebaki ghala tupu. Kwa hiyo mkataba wa Waingereza wa tarehe 31 Mei 1839 uliandikwa kwa uangalifu zaidi: pembe na sandarusi za pwani ya kutoka Tangata hadi Kilwa ziliwekwa nje ya biashara huru. Wafaransa walipata mkataba wao mwaka 1844, na miji ya biashara ya Kijerumani, Hamburg ikiwamo, ilipata wake mwaka 1859 chini ya Sultani Majid. Wote, pamoja na Wamarekani, walinunua bidhaa za Mrima Unguja.

Mlango wa Unguja ulitofautiana na Dejima kwa mambo mengi. Mgeni hakufungiwa kisiwani kwa walinzi. Alipanga nyumba mjini, akapandisha bendera ya konseli, akatembea atakako. Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara mwenyewe, na alielewana vizuri na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodishwa forodha yote na Seyyid. Jairam alimlipa Seyyid kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa faida yake. Hapakuwa na daftari la serikali kama la Nagasaki. Seyyid alijua kodi yake italipwa. Yaliyokuwamo katika mitumba aliyajua zaidi Jairam, na baada yake Ladha Damji na Tharia Topan.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa upande wa bara. Mlango wa Unguja ulilindwa kuelekea baharini. Kuelekea nchi kavu, mamlaka ya Seyyid yalififia mara tu msafara ulipoacha minazi ya Mrima. Liwali wa Bagamoyo alikuwa mtu wake. Mtemi wa Unyanyembe hakuwa. Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa hesabu zao wenyewe, Wanyamwezi walipanga safari zao wenyewe, na bunduki zilizodhibitiwa Unguja zilitapakaa bara kadiri misafara ilivyoongezeka. Hivyo bara lilikuwa na milango mingi ya watawala wengi, na mmoja wa milango iliyokuja kuwa migumu zaidi ulikuwa Uhehe.

Uhehe uliunganishwa na Munyigumba, aliyefariki mwishoni mwa miaka ya 1870 baada ya kuzileta koo nyingi ndogo chini ya mtwa mmoja. Mwanawe, Mkwavinyika, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mkwawa, alilazimika kwanza kumshinda Mwambambe, mkwe wa baba yake aliyenyakua madaraka, kisha kupambana na Wangoni hadi pande zote mbili zikakubali kuachana. Nchi iligawanywa kwa wanzagila, wakuu waliowekwa na mtwa na kuwajibika kwake. Vijana waliitikia mwito wa vita kwa haraka ambayo majirani waliiogopa. Pembe za ndovu zilizokusanywa zilielekezwa kwa mtwa, na bidhaa za pwani zilitoka kwake kwenda kwa wakuu wake kama malipo ya utii.

Ardhi yenyewe ilimsaidia. Upande wa mashariki, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kilolo, milima ya Udzungwa inaporomoka hadi bonde la Ruaha. Yeyote aliyesafiri kwa gari kutoka Ruaha Mbuyuni na kupandisha mlima Kitonga anaielewa hali hiyo bila maelezo marefu: njia ni chache, ni nyembamba, na aliye juu anamwona aliye chini mapema. Kutoka kwenye ukingo huo Wahehe walishuka kuelekea Usagara na njia kuu ya misafara ya Bagamoyo na Tabora iliyopita Mpwapwa. Katika miaka ya 1880 vikosi vyao vilitoza, viliteka na viliadhibu katika eneo hilo. Wasagara na Wagogo waliumia vibaya kwa mashambulizi hayo, na kuficha jambo hilo kwa sababu ya heshima ya Mkwawa ni kuwakosea wao.

Uhehe haukuwa umefungwa kwa kila mtu. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, aliuvuka mwaka 1879 akielekea Ziwa Nyasa. Mfaransa Victor Giraud alipita miaka michache baadaye na kuonana na mtwa. Walikuja na wapagazi, wakatoa zawadi, wakaondoka. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuja na kuondoka. Kilichobadilika ni aina ya mgeni.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alizunguka Usagara na nchi jirani akiwafanya machifu waweke misalaba kwenye karatasi za Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani alizipa karatasi hizo ulinzi wake. Mwezi Aprili 1888 Sultani wa Unguja alikodisha utawala wa pwani kwa kampuni ya Peters, na kampuni ilipojaribu kuishika forodha, mwezi Agosti pwani ikaasi chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Hermann von Wissmann aliuzima uasi huo kwa askari wa kukodiwa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulimaliza kazi: Mrima, pwani ambayo Seyyid Said aliilinda kwa vifungu vya mikataba, iliuzwa kwa marki milioni 4, na kuanzia mwanzo wa 1891 dola ya Ujerumani ikaitawala moja kwa moja. Mlinda mlango wa Unguja aliondolewa. Aliyekaa mahali pake hakutaka ushuru peke yake. Alitaka njia yote mpaka maziwa makuu, na Uhehe ulikuwa kando ya njia hiyo.

Katikati ya mwaka 1891 Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliongoza msafara wa kijeshi dhidi ya Wahehe. Alikuwa na kombania tatu za askari, wengi wao Wasudani na watu walioajiriwa kutoka Msumbiji, pamoja na wapagazi, bunduki za mtombo na mizinga. Njiani alichoma vijiji. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti safu yake ndefu ilipita Lugalo, eneo ambalo leo ni kata ya wilaya ya Kilolo. Askari walikuwa hawajajaza risasi, na mizinga ilikuwa migongoni mwa punda. Wahehe, chini ya Mpangile, ndugu wa mtwa, walikuwa wamejificha katika vichaka na miamba kandokando ya njia. Walitoka na mikuki, na mapigano makali hayakudumu hata nusu saa. Zelewski aliuawa kwa mkuki. Wajerumani 10 walikufa pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Mabaki yaliongozwa kurudi na Luteni Tettenborn. Wahehe walipoteza wapiganaji wengi pia, lakini walichukua mamia ya bunduki za kisasa na mizinga.

Bunduki hizo zinaeleza jambo moja ambalo ushindi uliliziba. Silaha ya kisasa ilihitaji risasi zake, fundi wake na mafunzo yake, na vyote vitatu vilikuwa upande wa pili wa mlango uliokwisha kuchukuliwa na Mjerumani. Japani ya karne ya 16 ilijifunza kuunda bunduki wakati bado inazinunua. Uhehe ulinunua magobori na baruti kwa miaka mingi bila kuwa na karakana ya kuyaunda, kwa sababu biashara ilileta bidhaa na haikuleta ufundi. Mkwawa aliweka nguvu zake katika ukuta. Kalenga, makao yake karibu na mto Ruaha Mdogo, ilizungukwa na boma la mawe na udongo lenye urefu wa kilomita kadhaa, lililojengwa kwa miaka mingi. Dhidi ya majirani kama Wangoni au Wasangu lingekuwa kinga ya kutosha.

Gavana Friedrich von Schele alifika na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikatekwa baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Ndani yake Wajerumani walikuta baruti na pembe za ndovu kwa wingi: akiba ya nchi iliyoendelea kufanya biashara hadi siku zake za mwisho. Mkwawa alitoka akiwa hai na kupigana kwa kuvizia kwa karibu miaka minne. Wajerumani walijenga boma Iringa mwaka 1896 chini ya Tom von Prince, wakamweka Mpangile kuwa mtwa na baada ya miezi michache wakamnyonga, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi.

Majirani wana nafasi kubwa katika matokeo hayo. Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake ulikuwa umefukuzwa na Wahehe kutoka Utengule, alikwenda upande wa Wajerumani na kurudishiwa nchi yake. Watu wengine waliokwisha kutekwa au kutozwa na Wahehe walitoa waongoza njia na wapagazi. Shogun alikuwa amewafunga mabwana wa Japani katika utii wa karne mbili kabla meli za moshi hazijaonekana. Mkwawa alikuwa na miaka isiyozidi 12 ya utawala uliotulia, na mipaka yake ilizungukwa na watu wenye kisasi halali.

Hata hivyo tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika aliyebisha hodi. Mwezi Julai 1853 Matthew Perry aliingia ghuba ya Edo na meli nne za kivita akidai bandari za kununulia makaa na chakula, na mkataba uliosainiwa Kanagawa tarehe 31 Machi 1854 ukazifungua Shimoda na Hakodate. Serikali ya Tokugawa haikushtukizwa kabisa. Waholanzi walikuwa wameitaarifu mwaka mmoja kabla. Mikataba iliyofuata ilikuwa ya dhuluma, ushuru ukiwekwa kwa matakwa ya wageni, lakini iliandikwa na nchi yenye jina lake kwenye karatasi, na baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 nchi hiyo ilipata nafasi ya kujijenga na kuirekebisha. Uhehe haukupewa karatasi ya namna hiyo. Ulikuwa umekwisha kugawiwa kwenye ramani za Ulaya kabla Zelewski hajaanza safari. Wanaosema Mkwawa angepaswa kusaini wanapaswa kuitazama Usagara: machifu wake walisaini mwaka 1884, na nchi ikawatoka hivyo hivyo.

Baada ya 1898 njia ilikuwa ya serikali. Kodi ya kibanda, rupia 3 vijijini, iliwalazimisha watu kutafuta fedha kwa kazi au mazao. Maduka ya Wahindi na Waarabu yalifunguliwa Iringa chini ya ulinzi wa boma. Wamisionari, ambao Japani iliwaogopa kuliko wafanyabiashara, walipanda milima: Wabenediktini walikaa Tosamaganga, na watu wa Misheni ya Berlin wakajenga Pommern, kijiji cha Kilolo ambacho wenyeji wanakiita Pomerini.

Merikani kutoka Salem ilikuwa imepungua tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Bombay na Manchester. Kisha akaja muuzaji ambaye Edmund Roberts hakuwahi kumfikia: Mjapani. Mkataba wa Berlin wa 1885, uliorekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, uliyataka makoloni ya bonde la Kongo na nchi zinazopakana nalo, Tanganyika ikiwamo, yatoze ushuru sawa kwa bidhaa za mataifa yote. Ulikuwa umetungwa ili mataifa ya Ulaya yasizuiane. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za Afrika Mashariki mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Kijapani, kwa bei ambayo Manchester haikuiweza, zilikuwa zimeshika soko la Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na kutoka huko zikapanda hadi maduka ya Iringa. Viwanda vya Uingereza vililalamika, lakini serikali ya Tanganyika haikuwa na ruhusa ya kuzitoza ushuru wa peke yake. Biashara hiyo ilikatika mwaka 1941, Japani ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani.